Nani alibaki na Wimbledon?

Jumanne usiku, tarehe 29 Oktoba 2002, Wimbledon FC waliwakaribisha Rotherham United kwenye uwanja wa Selhurst Park, kusini mwa London. Uwanja ule unachukua zaidi ya watu elfu 25. Usiku ule waliingia 849, na hapo wamehesabiwa hata wageni waliosafiri kutoka Rotherham. Haikuwa mechi ya mchangani. Ilikuwa ligi ya ngazi ya pili Uingereza, hatua moja tu chini ya Ligi Kuu, na wenyeji walikuwa klabu iliyowahi kubeba Kombe la FA mbele ya Liverpool.

Msimu huohuo, pale Kingston, jirani kabisa na Wimbledon, timu nyingine iliyovaa buluu na njano, AFC Wimbledon, ilikuwa inacheza ngazi ya tisa. Ilikuwa na umri wa miezi mitano. Wachezaji wake walitoka kwenye shughuli zao za mchana ndipo wakaja kuvaa viatu vya mpira, na wapinzani wake walikuwa timu za miji midogo zilizozoea kucheza mbele ya watu wa kuhesabika. Wastani wa watazamaji wake nyumbani ulipita 3,000.

Nambari hizo mbili nimezirudia mara nyingi, maana zinalazimisha swali ambalo shabiki huwa hana haja ya kujiuliza: klabu ya mpira ni kitu gani hasa? Kwa sheria ni kampuni yenye hisa, mikataba ya wachezaji na nafasi yake kwenye ligi. Kwa waliokulia ndani yake ni kumbukumbu: njia ya kwenda uwanjani, jina la kipa fulani, siku fulani ya mvua. Kwa kawaida vitu hivyo viwili huishi nyumba moja. Wimbledon vilitenganishwa hadharani, kwa uamuzi ulioandikwa na kutiwa saini wa kuruhusu klabu ihamie mji wa Milton Keynes. Upande mmoja ukaondoka na nafasi, mwingine ukabaki na kumbukumbu, na miaka iliyofuata ikaonyesha kipi kinaweza kumzaa mwenzake.

Walikotoka

Klabu ilianzishwa mwaka 1889 kwa jina la Wimbledon Old Centrals. Waanzilishi walikuwa vijana waliosoma shule moja ya eneo hilo, wakicheza kwenye uwanda wa wazi wa Wimbledon Common na kubadilisha nguo kwenye baa ya Fox and Grapes iliyo pembeni yake. Jina la Wimbledon pekee lilikuja mwaka 1905, na mwaka 1912 wakahamia Plough Lane, uwanja ambao ungekuwa maskani yao kwa karibu miaka 80.

Miongo mingi walikuwa timu ya ridhaa. Siku yao kubwa ya enzi hizo ni fainali ya Kombe la FA la timu za ridhaa, mwaka 1963 pale Wembley, walipowafunga Sutton United 4-2. Mabao yote manne yalifungwa na mtu mmoja, Eddie Reynolds, na yote kwa kichwa. Lishike jina hilo, tutalikuta tena mahali ambapo hukutarajia.

Mwaka 1975, wakiwa bado nje ya ligi kuu za nchi, walikwenda kwa Burnley kwenye Kombe la FA, timu ya daraja la kwanza, ambalo wakati huo lilikuwa la juu kabisa, na kushinda 1-0 nyumbani kwao. Raundi iliyofuata wakapangwa na Leeds United, mabingwa wa Uingereza. Leeds wakapata penalti, na mpigaji alikuwa Peter Lorimer, mtu aliyeogopwa kwa ukali wa mashuti yake kuliko karibu mchezaji yeyote wa zama zake. Kipa Dickie Guy akaudaka. Wakatoka 0-0. Mechi ya marudiano Wimbledon wakaihamishia Selhurst Park ili watu waenee, na wakaja zaidi ya elfu 40. Walifungwa bao moja, tena la kujigonga kwa mguu wa mtu wao, Dave Bassett. Uwanja huo ni uleule ambao miaka 27 baadaye ungepokea watu 849.

Zamani zile hapakuwa na kupanda daraja moja kwa moja kuingia Football League, ligi iliyokuwa na madaraja manne ya juu ya nchi. Klabu zilizokuwa ndani ndizo zilizopiga kura kuamua nani abaki na nani aingie. Mwaka 1977 Workington wakatolewa, Wimbledon wakaingia kwenye daraja la nne. Miaka 9 baadaye, 1986, walikuwa daraja la kwanza. Uwanja ulikuwa uleule wa Plough Lane, wenye vibanda vya timu ya ridhaa, na sasa Manchester United na Arsenal walilazimika kubadilisha nguo humo.

Kikosi kile kilijulikana kama Crazy Gang, genge la vichaa. Vinnie Jones alikuwa amebeba matofali kwenye ujenzi kabla ya kulipwa kwa mpira. John Fashanu, Dennis Wise, Lawrie Sanchez: hapakuwa na jina kubwa lililonunuliwa kwa mamilioni. Walipiga mipira mirefu, walikaba kwa mabavu, na wengi waliwachukia kwa hilo. Binafsi sipendi mpira wa namna ile. Lakini ninaona ni kosa kuwakumbuka kwa rafu pekee, maana wachezaji wasiotakiwa na klabu kubwa walijipanga vizuri kuliko wachezaji waliotakiwa na kila mtu.

Tarehe 14 Mei 1988 walikutana na Liverpool, mabingwa wa ligi, kwenye fainali ya Kombe la FA. Dakika ya 37 Wise alipiga mpira wa adhabu kutoka kushoto, Sanchez akaunyoosha kwa kichwa, ukaingia upande wa pili. Kipindi cha pili Liverpool wakapata penalti. John Aldridge alikuwa na mtindo wake: anakimbia, anasita, anamsubiri kipa ahame, kisha anaweka upande wa pili. Dave Beasant, kipa na nahodha wa Wimbledon, hakuhama. Alisubiri mpaka mguu ulipogusa mpira, akajitupa kushoto kwake, akaupangua nje. Ilikuwa mara ya kwanza penalti kuokolewa kwenye fainali ya Kombe la FA pale Wembley. Matokeo yakabaki 1-0, na Beasant akapanda ngazi kuchukua kombe, miaka 11 tu tangu klabu yake ipigiwe kura ya kuingia ligi. Zawadi ya kucheza Ulaya hawakuipata, kwa kuwa klabu za Uingereza zilikuwa zimefungiwa baada ya maafa ya mashabiki kwenye uwanja wa Heysel, Ubelgiji.

Nyumba ilipouzwa

Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba kilianza na Milton Keynes. Kwa maoni yangu kilianza mwaka 1991, siku Wimbledon walipofunga lango la Plough Lane.

Sababu ilikuwa ya haki. Mwaka 1989 mashabiki wa Liverpool walikandamizwa kwenye uwanja wa Hillsborough, na idadi ya waliokufa imefikia 97. Ripoti ya Jaji Taylor ikaagiza viwanja vya madaraja ya juu viwe na viti kwa kila mtazamaji. Plough Lane ulikuwa na majukwaa ya kusimama, mdogo, umebanwa na barabara na mto Wandle. Mmiliki wa klabu, Sam Hammam, akasema hauwezi kukarabatiwa, na timu ikahamia Selhurst Park kama mpangaji wa klabu ya Crystal Palace. Ilisemwa kuwa ni kwa muda. Walikaa miaka 12.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Pale Selhurst viti vilikuwa vya rangi ya Palace na picha ukutani zilikuwa za Palace. Wimbledon walikuwa Ligi Kuu, wakimaliza nafasi za heshima, lakini siku ya mechi kubwa wageni walijaa kuliko wenyeji. Mtoto aliyezaliwa Wimbledon mwaka 1991 alikua bila kuona timu ya kwanza ikicheza mtaani kwake hata mara moja. Plough Lane wenyewe ulibaki ukichezewa na kikosi cha akiba, kisha mwaka 1998 ukauzwa kwa kampuni ya maduka makubwa. Hatimaye pakajengwa ghorofa za kuishi watu, na makazi hayo yakaitwa Reynolds Gate, kwa heshima ya yule aliyefunga manne kwa kichwa mwaka 1963.

Klabu isiyo na kiwanja ni rahisi kuihamisha, na hilo liliwaingia vichwani watu wengi. Hata kabla ya hapo, mwaka 1979, mwenyekiti wa wakati huo Ron Noades aliwahi kupiga hesabu za Milton Keynes, kisha akaachana nazo. Katikati ya miaka ya 1990 likaja wazo la kuipeleka Dublin, nchi nyingine kabisa. Mwaka 1997 Hammam akauza klabu kwa matajiri wawili wa Norway, Kjell Inge Røkke na Bjørn Rune Gjelsten. Tarehe 14 Mei 2000 Wimbledon wakafungwa 2-0 na Southampton na kushuka kutoka Ligi Kuu. Ilikuwa miaka 12 kamili, siku kwa siku, tangu Beasant aokoe ile penalti.

Uamuzi

Milton Keynes ni mji mpya uliopangwa na serikali mwaka 1967, umbali wa kilomita kama 90 kutoka Wimbledon. Una barabara pana, makazi na maduka. Haukuwa na timu ya ligi. Pete Winkelman, mfanyabiashara aliyetoka kwenye muziki, alitaka kuujengea uwanja mkubwa pamoja na maduka, lakini uwanja wa namna hiyo unahitaji timu ya kuujaza. Kujenga timu kutoka chini kunachukua miaka mingi. Kuchukua iliyopo ni njia ya mkato.

Tarehe 2 Agosti 2001, mwenyekiti Charles Koppel alitangaza nia ya kuhamisha klabu. Football League ikakataa. Klabu ikakata rufaa, shauri likazunguka kwenye usuluhishi, na mwisho likakabidhiwa kwa tume ya watu watatu iliyoundwa na chama cha soka, FA.

Hoja za wenye klabu zisipuuzwe. Klabu ilikuwa inapoteza fedha nyingi kila mwaka, haikuwa na uwanja wala dalili ya kuupata ndani ya Merton, halmashauri ya eneo la Wimbledon, na wamiliki walisema ikikataliwa itafilisika. Ukiitazama kama kampuni, kampuni iliyokwama huhamishia duka pale wanunuzi walipo. Mashabiki walijibu kwamba wao si wateja wanaoweza kubadilishwa na wateja wengine, na kwamba ligi ya Uingereza imejengwa juu ya kupanda na kushuka: mji ukitaka timu, uianzishe chini na ipande kwa miguu yake, kama Wimbledon walivyofanya. Wakati shauri likiendelea, uwanjani waligeuza migongo mechi ikichezwa, wakapuliza maputo meusi, wakasusia bidhaa za klabu.

Tarehe 28 Mei 2002 tume iliruhusu uhamisho, kura mbili kwa moja. Ndani ya ripoti yake kuna sentensi ambayo mashabiki wa Wimbledon wanaijua kwa moyo: kwamba kuifufua klabu kutoka kwenye majivu, iitwe tuseme Wimbledon Town, hakungekuwa kwa masilahi mapana ya soka.

Ninaamini kosa la tume liko hapo hasa, zaidi ya kwenye ile kura. Wamiliki kushinda shauri ni jambo la kawaida. Lakini tume haikuishia kuamua nafasi ya ligi iende wapi. Ilijipa mamlaka ya kuamua kama wale waliobaki wana haki ya kuendelea kuwa kitu. Ilidhani kumbukumbu inafuata leseni kama mkia unavyomfuata ng'ombe.

Miguu ya watu

Siku mbili baadaye, tarehe 30 Mei, mashabiki walikutana kwenye ukumbi wa jamii pale Wimbledon. Mjadala ulikuwa waendelee kukata rufaa au waanze upya. Kris Stewart, mmoja wa viongozi wao, alisimama na kuwaambia kwamba amechoka kupigana na anachotaka ni kutazama mpira tu. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. AFC Wimbledon ikazaliwa hapo, ikimilikiwa na umoja wa mashabiki uitwao Dons Trust (Dons ni jina la utani la Wimbledon), ambamo kila mwanachama ana kura moja, awe ameweka senti au maelfu.

Hawakuwa na kocha, jezi, uwanja, ligi wala mchezaji hata mmoja. Tarehe 29 Juni walifanya majaribio ya wazi kwa yeyote anayejiona anaweza, na wakajitokeza vijana 230. Majaribio yalifanyika Wimbledon Common, palepale pa mwaka 1889. Waliochagua mahali walijua wanachokifanya, na kati ya picha zote za kisa hiki ndiyo inayonigusa zaidi: watu wameambiwa hawana tena klabu, nao wanarudi kwenye nyasi za kwanza na kuanza kuhesabu wachezaji.

Mechi ya kwanza ilikuwa ya kirafiki tarehe 10 Julai, ugenini kwa Sutton United, walewale wa mwaka 1963. Watu 4,657 walifika kwenye uwanja mdogo, mpira ukachelewa kuanza ili waingie wote. AFC Wimbledon walichapwa 4-0, na mwisho wa mechi mashabiki wao waliingia uwanjani kusherehekea. Kwenye Combined Counties League, ile ligi ya ngazi ya tisa, walianza ugenini kwa Sandhurst Town mwezi Agosti na kushinda 2-1. Walipanga uwanja wa Kingsmeadow pale Kingston, na mwaka uliofuata wakaununua.

Kuanzia Februari 2003 hadi Desemba 2004 walicheza mechi 78 za ligi bila kufungwa, rekodi kwa timu za wakubwa Uingereza. Mtu anaweza kusema zilikuwa mechi za chini, na ni kweli. Lakini Jumamosi 78 zisizo na kipigo zinahitaji umakini ambao hata timu za fedha nyingi huukosa. Wakapanda 2004, wakapanda 2005, wakakwama, wakapanda 2008, wakapanda 2009.

Upande wa pili, wenye nafasi walikuwa wanazama. Mwezi Juni 2003 Wimbledon FC iliwekwa chini ya mufilisi. Septemba mwaka huo ikacheza kwa mara ya kwanza Milton Keynes, kwenye uwanja wa magongo, ikatoka sare 2-2 na Burnley. Mwisho wa msimu ikashuka daraja ikiwa mkiani. Mwaka 2004 Winkelman akaichukua, akabadilisha jina kuwa Milton Keynes Dons (MK Dons), akabadilisha nembo na jezi. Kilichobaki cha Wimbledon kilikuwa lile neno Dons na kabati la vikombe.

Hata kabati halikukaa. Mwaka 2006 yalifikiwa makubaliano yaliyosimamiwa na shirikisho la mashabiki wa Uingereza, na tarehe 2 Agosti 2007, miaka 6 kamili tangu tangazo la Koppel, vikombe na kumbukumbu za Wimbledon FC, pamoja na nakala ya Kombe la FA la 1988, vilikabidhiwa kwa halmashauri ya Merton. MK Dons wakakubali kwamba historia yao inaanza 2004. Waliouchukua mwili wa kisheria wa klabu walikuta hawawezi kuibeba roho yake, wakairudisha wenyewe.

Mei 21, 2011, AFC Wimbledon walicheza na Luton Town mjini Manchester, mshindi aingie Football League. Dakika 120 hazikutoa bao. Ikaja mikwaju ya penalti. Kipa Seb Brown, kijana aliyekuwa shabiki wa Wimbledon tangu utotoni, akaokoa miwili. Nahodha Danny Kedwell akaenda na mkwaju wa mwisho, akaupiga kwa nguvu zake zote ndani ya wavu, 4-3. Miaka 9 tangu majaribio ya Common, ngazi tano zimepandwa. Kutoka 1977 hadi 1986, kutoka daraja la nne hadi la kwanza, Wimbledon ya kale nayo ilitumia miaka 9.

Walipokutana

Kombe la FA liliwakutanisha kwa mara ya kwanza tarehe 2 Desemba 2012, pale Milton Keynes. Mashabiki wengi wa Wimbledon hawakwenda, hawakutaka kuweka hata pauni moja kwenye kile kiwanja. Jack Midson alisawazisha kwa kichwa, lakini dakika za majeruhi Jon Otsemobor akaugusa mpira kwa kisigino, ukapaa, ukaingia. MK Dons 2, Wimbledon 1.

Tarehe 30 Mei 2016, miaka 14 kamili tangu mkutano wa ukumbini, AFC Wimbledon waliwafunga Plymouth Argyle 2-0 Wembley kwenye mchujo na kupanda League One, ngazi ya tatu. Kocha alikuwa Neal Ardley, aliyeichezea Wimbledon ya zamani. Bao la pili, la penalti ya dakika za mwisho, alifunga Adebayo Akinfenwa, mtu wa mwili wa tembo. Msimu uliofuata wakawa ligi moja na MK Dons. Machi 2017 waliwapokea kwa mara ya kwanza Kingsmeadow na kuwachapa 2-0. Mwaka 2018 MK Dons wakashuka, Wimbledon wakabaki.

Uhasama haujaisha. Pale Wimbledon wageni hao huitwa Milton Keynes tu, neno Dons halitamkwi. Mwaka 2017 uongozi wa ligi uliwafungulia mashitaka Wimbledon kwa kutowaandika wageni kwa jina lao kamili siku ya mechi, kisha mashitaka yakafutwa.

Hapa nasema jambo ambalo mashabiki wenzangu wa kisa hiki hawapendi kulisikia. Mtoto aliyezaliwa Milton Keynes mwaka 2005 na kupelekwa uwanjani na baba yake hakuiba kitu. Ana kumbukumbu zake sasa, mabao yake, kipa wake. Ana, kwa mfano, usiku wa Agosti 2014 MK Dons walipoifumua Manchester United 4-0 kwenye Kombe la Ligi. Dhambi ilikuwa ya waliotia saini, si yake, na klabu yake leo ni klabu ya kweli. Kuitambua hakuwapunguzii chochote watu wa Wimbledon, kwa kuwa kilicho chao kimesharudi Merton.

Lipo na la pili, zito zaidi, kwa kuwa linawahusu Wimbledon wenyewe. Kingsmeadow ulijengwa mwaka 1989 kwa ajili ya Kingstonian, klabu ya mwaka 1885, yaani ina umri mkubwa kuliko Wimbledon. Kingstonian walikuwa wameingia matatizoni ya fedha, wakapoteza umiliki, na AFC Wimbledon wakaununua uwanja kutoka kwa wenye hati. Kwa miaka kadhaa Kingstonian walibaki wapangaji kwenye uwanja waliojengewa wao. Wimbledon walipotaka fedha za kurudi nyumbani, waliuuza Kingsmeadow kwa Chelsea. Mwaka 2017 Kingstonian wakaondoka, wakiwa na mchango wa fedha kutoka Wimbledon lakini bila kiwanja, wakaanza kuhama kutoka uwanja wa mtu huyu hadi wa mtu yule.

Sidai kwamba ni sawa na 2002. Hakuna aliyechukua nafasi yao ya ligi wala jina lao. Lakini klabu iliyojua kwa mwili wake maana ya kukosa kwao ilirudi kwao kwa njia iliyoacha klabu nyingine njiani, na wanachama wa Dons Trust walilijadili hilo kwa uchungu. Nalihesabu kuwa sehemu ya historia ya Wimbledon, na lisimuliwe pamoja na penalti ya Beasant.

Kurudi

Mahali palipopatikana palikuwa uwanja wa zamani wa mbio za mbwa, pembeni ya Plough Lane ileile, mita mia mbili na kitu kutoka ulipokuwa uwanja wa kale. Gharama zilipozidi makadirio, wanachama walikuwa na chaguo la kuwapa wawekezaji sehemu kubwa ya klabu. Walikuwa wameshaona mwenye hisa nyingi anaweza kufanya nini. Mwanzoni mwa 2020 wakauza hati za mkopo kwa mashabiki wenyewe na kukusanya zaidi ya pauni milioni 5 kwa muda mfupi. Umiliki ukabaki mikononi mwa umoja.

Uwanja mpya unachukua watu 9,215. Mechi ya kwanza ilikuwa tarehe 3 Novemba 2020 dhidi ya Doncaster Rovers, na wakati huo Covid ilikuwa imefunga viwanja vyote. Joe Pigott akafunga bao la kwanza la nyumbani mpya. Ikaisha 2-2. Baada ya miaka 29 ya kuishi kwa watu, Wimbledon walirudi Plough Lane na majukwaa yakawa matupu, sauti za wachezaji zikisikika hadi kwenye kona. Waliolipia viti vile walikuwa majumbani, wengine ndani ya ghorofa za Reynolds Gate, wanaona mwanga wa taa za uwanja dirishani.

Agosti 2021 milango ikafunguliwa kwa Bolton Wanderers. Mabao sita, 3-3. Walioingia walikuwemo wazee waliomwona Dickie Guy akidaka penalti ya Lorimer, na Guy mwenyewe ndiye aliyekuwa rais wa klabu.